Mlango wa kisanduku cha dashibodi: tengeneza kwa nyuma, uso uachwe

Barua tatu zilizofika mwezi huu kutoka Malindi na Lamu zinauliza kuhusu kitu kimoja, nacho ni mlango wa kile kisanduku kilichoko mbele ya abiria, ambacho mafundi wetu hukiita glavu boksi. Nimeziweka pamoja, ingawa magari ni tofauti na magonjwa yake si mamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye kazi nyingi ya mikono.

SWALI: Assalaam aleikum, Bwana Mwandishi. Mimi ni mkazi wa Barani, Malindi. Ninalo Peugeot 504 la mwaka wa 1976 ambalo marehemu baba aliliendesha hadi mwisho wa maisha yake. Alikuwa akituambia kwamba alilichagua kwa sababu mwaka uliotangulia gari kama hilo lilishinda Safari Rally. Mlango wa plastiki wa kisanduku cha dashibodi umevunjika upande wa kushoto, pale pale ambapo skrubu za bawaba zinaingia. Nimeubandika mara mbili kwa supaglu, na kila mara ulikaa wiki moja au mbili kisha ukaachia. Sasa umelala upande, na haufungi mpaka uupige kwa kiganja. Ukanda uliokuwa ukiuzuia usishuke kupita kiasi ulikatika zamani nikiwa bado shuleni, na tangu wakati huo tumezoea kuushusha mpaka ukomee wenyewe na kuweka juu yake chupa ya chai tunapokwenda Mombasa. Fundi mmoja ameniambia kwamba dawa iliyobaki ni kupitisha skrubu mbili nene kutoka mbele, au kuuondoa mlango kabisa. Moyo wangu haukubali lolote kati ya hayo mawili. Je, kuna njia nyingine?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Njia ipo, na umefanya vyema kuuliza kabla ya mlango huo kutobolewa, kwa sababu tundu lililopita usoni mwa plastiki ya zamani halifutiki tena. Ukilijaza, litaonekana, na ukilipaka rangi, litaonekana zaidi, maana plastiki hiyo ina chembe zake na mng'ao wake ambao rangi ya kopo haiuigi.

Marehemu baba yako alikuwa na kumbukumbu sahihi. Ove Andersson ndiye aliyeshinda Safari Rally ya mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Lakini sisi wa Pwani hatukulijua gari hili kwa mashindano tu. Tulilijua kwa lile umbo lake refu lenye safu tatu za viti, lililobeba abiria wa safari ndefu, na watu wakaliita Pijo kana kwamba ni jina la Kiswahili. Ufaransa ilianza kuliuza mwaka 1968 na ikaacha kuliunda mwaka 1983, kwa hiyo hata lile lililotoka la mwisho kule sasa ni mzee. Nayasema haya kwa sababu ya kazi iliyo mbele yetu: mlango wa akiba hauupati kwa kuingia duka la spea na kuutaja. Ukiamua kuutafuta, jihadhari na uliotoka Ufaransa, kwani usukani wa kule uko kushoto na kisanduku cha abiria kiko kulia, na mlango uliofinyangwa kwa ajili ya dashibodi ile huenda usikae katika yako. Dai vipimo na picha ya sehemu ya nyuma, ilipo bawaba, kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kwa maoni yangu, mlango ulio nao, hata ukiwa umevunjika, ndio bora kuliko wowote utakaouzwa.

Sasa tuangalie kilichouvunja, maana ukiubandika bila kukiondoa, utaachia mara ya tatu. Wewe mwenyewe umekitaja ulipozungumzia ukanda. Mlango wa namna hii haukuundwa uning'inie kwenye bawaba zake. Bawaba kazi yake ni kuuongoza, na ukanda ndio unaoubeba unapokuwa wazi. Ukanda ulipokatika, mlango ukawa unashuka mpaka pale chuma cha bawaba kinapokataa kupinda zaidi, na kuanzia hapo kila uzito ulioongezwa ukawa unang'oa skrubu kutoka kwenye plastiki. Fikiria chupa ya chai yenye uzito wa kilo 1 iliyowekwa ukingoni mwa mlango, sentimita 20 kutoka kwenye pini ya bawaba, ilhali skrubu ziko sentimita 2 tu kutoka kwenye pini hiyo hiyo. Kwa hesabu ya wenzo, skrubu zinavutwa kwa nguvu ya kilo 10, na barabara inapotikisa gari nguvu hiyo inaongezeka. Juu ya hayo kuna jua la Malindi. Dashibodi ya gari lililoachwa juani na vioo vikiwa vimefungwa inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na plastiki inayopikwa na kupoa kila siku kwa miaka hamsini hupoteza ulaini wake na kuwa kavu kama kigae cha chungu. Supaglu nayo, ijapokuwa hushika haraka, huwa ngumu na isiyopindika, kwa hiyo haivumilii kubanduliwa wala kupigwa, na mlango huu unafanyiwa yote mawili.

Anza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri ikiwa kisanduku chako kina taa au swichi ndani yake. Mwambie mtu aushike mlango kwa mikono miwili wakati wewe unafungua skrubu za upande uliobaki mzima, kwa sababu upande huo ukibaki peke yake na uzito wote ndipo nao unapopasuka. Piga picha kila hatua, weka skrubu katika bilauri, na uokote kila kipande cha plastiki kilichoanguka, hata kilicho kidogo kama punje ya mchele, kwani kipande cha asili kikirudi mahali pake ndicho kinachokuonyesha kwamba pembe za mlango ziko sawa.

Kabla hujanunua gundi yoyote, ujue plastiki yako ni ya aina gani. Baadhi ya vipuri vina alama nyuma, kama ABS au PP, lakini vingi vya miaka hiyo havina. Kata ukwangwa mdogo kutoka sehemu ya nyuma isiyoonekana na uutie katika bakuli la maji. Ukielea, kwa kawaida ni plastiki ya jamii ya polipropilini, ambayo gundi karibu zote huteleza juu yake. Ukizama, weka tone moja la asetoni mahali pengine pa nyuma palipofichika, usubiri dakika moja, kisha uguse kwa ncha ya mti: pakiwa pamelainika na kunata, una ABS au jamaa yake, nawe una bahati, kwa sababu plastiki hiyo hukubali kuunganishwa vizuri. Asetoni isiguse uso wa mlango hata kidogo, kwani huacha doa lisilotoka.

Nitachukua kwamba yako ni ya pili, yaani ABS. Kwangua supaglu yote ya zamani kwa wembe na msasa mpaka uione plastiki yenyewe, maana gundi mpya iliyowekwa juu ya gundi ya zamani inashika ile gundi, haishiki mlango. Fuata kila ufa mpaka mwisho wake, na hapo mwisho toboa kwa nyuma tundu dogo la milimita 2 lisilofika usoni. Ufa huendelea kukimbia kwa sababu ncha yake ni kali, na tundu la mviringo huiondoa ile ncha. Zungusha utepe kwenye biti ya drili ili kuonyesha kina unachotaka, na ni afadhali utumie keekee ya mkono kuliko drili ya umeme. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kupuuza jambo hili la utepe, biti ikatokea upande wa pili wa mlango wa mtu, na uso wa mwenye gari alipokuja kulichukua sijausahau mpaka leo.

Baada ya hapo, panua ufa kwa nyuma uwe kama mfereji, kisha uujaze kwa uji wa plastiki hiyo hiyo. Uji huu hutengenezwa kwa kutia vikwangwa vya ABS katika chupa ya kioo yenye asetoni kidogo na kuvifunika kwa saa kadhaa mpaka viyeyuke na kuwa vizito. Vikwangwa waweza kuvipata kwenye mbavu za nyuma za mlango wenyewe au kwenye kipuri kilichotupwa cha plastiki ya aina hiyo. Paka kidogo kidogo, uache kila tabaka likauke, kwa sababu tabaka nene hulainisha plastiki iliyo chini yake mpaka ikajipinda. Bana vipande kwa vibanio vya nguo, uviache mpaka siku ya pili au ya tatu. Fanya kazi hii nje, penye upepo, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa asetoni hushika moto upesi sana.

Ndugu yangu, hapo wengi husimama wakaona kazi imekwisha, ilhali sehemu yenyewe haijaanza. Ulichofanya mpaka sasa ni kurudisha umbo, na nguvu ya kubeba bawaba haiwezi kutoka kwenye plastiki ile tena. Inatakiwa itoke kwenye bati. Tafuta kipande cha bati la alumini chenye unene wa milimita 2. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki yake, nao hukupa kwa bei ndogo. Kikate kiwe na urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 4 au zaidi, kadiri nafasi inavyoruhusu, kusudi kivuke mahali palipovunjika na kushika plastiki nzima pande zote. Piga kingo zake tupa zisikate mkono. Pima mahali pa matundu ya bawaba kwa uangalifu, uyatoboe kwenye bati, kisha upitishe bolti za milimita 3 zenye vichwa vya kuzama, vichwa vikitazama upande wa mlango na miguu ikitazama ndani ya gari. Vichwa vizame sawasawa na bati. Sasa bati litabandikwa nyuma ya mlango, bawaba itavishwa kwenye miguu ya bolti, na nati zitaibana kutoka ndani. Mbele ya mlango hakuna tundu, hakuna kichwa cha skrubu, na mtu akiutazama hatajua kwamba uliwahi kuguswa.

Lakini usibandike bado. Lishike bati kwa utepe, uvishe bawaba, uufunge mlango, na utazame. Unene wa milimita 2 ulioongeza unausukuma mlango kwa kiasi hicho hicho, na mlango uliojitokeza milimita 2 huonekana kutoka nje ya gari. Mara nyingi utahitaji kuchonga vile vinundu vya plastiki vilivyokuwa vikipokea skrubu za zamani, mpaka bati lilale chini na bawaba irudi ilipokuwa. Jaribu, uchonge, ujaribu tena. Nimeona kazi nzuri zikiharibika hapa tu, kwa sababu fundi alipaka gundi kwanza ndipo akafunga mlango.

Gundi ya bati ni epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu, na uchague inayochukua saa nyingi kukauka badala ya ile ya dakika tano, kwani ile ya pole pole hushika kwa nguvu zaidi na huvumilia joto vizuri zaidi. Paruza bati na plastiki kwa msasa wa namba 80 mpaka vipoteze mng'ao, uvipanguse kwa spiriti, usiviguse tena kwa vidole. Ukitaka kuongeza nguvu, waendee watengenezaji wa boti za faibaglasi, uwaombe kipande cha kile kitambaa chao, ukilaze juu ya kingo za bati na kukilowesha kwa epoksi. Chukua kitambaa tu. Resini yao ya poliesta waachie boti zao, hapa tunatumia epoksi. Gundi ya bunduki inayoyeyushwa kwa moto pia uiache, kwa sababu dashibodi yako itaiyeyusha tena mwezi wa Februari.

Hewa yetu ina chumvi, nayo ina tabia ya kula alumini palipogusana na chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo, unapopitisha bolti kwenye bati, zipake epoksi kwenye matundu ili vyuma viwili visigusane vikiwa vitupu, na uweke washa za nailoni chini ya nati. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Kaza mpaka zishike, usikaze mpaka zilie. Na hata kama upande wa kulia haujavunjika, utilie bati kama hilo wakati mlango uko mezani, kwa sababu plastiki ya upande huo ina umri ule ule, na tangu upande wa kushoto uachie umekuwa ukibeba mizigo ya wawili.

Ikiwa katika jaribio la maji plastiki yako ilielea, epoksi haitakufaa. Hapo bati italazimu lishikwe kwa skrubu fupi zinazoingia kwenye mbavu nene za nyuma, na ufa uunganishwe kwa kuzamisha kipande cha wavu wa chuma, kama ule wa chujio la chai, ndani ya plastiki iliyoyeyushwa kwa chuma cha moto cha kulehemu. Mpe kazi hiyo mtu mwenye mkono mtulivu, kwani dakika moja ya moto uliozidi huonekana upande wa mbele.

Kisha ukanda, ambao ndio tiba yenyewe. Mpelekee fundi wa makubazi, umwombe akukatie ngozi yenye upana wa sentimita 1 na nusu, ile anayoitumia kwa kanda za viatu, kwa sababu haivutiki na inavumilia kukunjwa kila siku. Upande mmoja ufungwe kwenye mlango, karibu na ukingo wake wa juu, na mwingine ndani ya kisanduku. Urefu wake uupime mlango ukiwa umefunguka kidogo tu kupita ulalo wa meza. Ukanda uwe umekwisha kukaza kabla bawaba haijafika mwisho wake. Ukiweza, tia mikanda miwili, kushoto na kulia, ili mlango usijinyonge. Hakikisha pia kwamba ngozi inajikunja kuelekea ndani unapofunga na haibanwi ukingoni, maana ukanda uliobanwa ndio unaomfanya mtu asukume kwa nguvu.

Mwisho ni kitasa. Uliuzoea mlango uliolala upande, na huenda mtu aliwahi kukisogeza kile chuma kinachopokea ulimi wa kitasa ili kiufuate ulivyolala. Mlango ukinyooka, viwili hivyo havitakutana. Paka chaki kwenye ulimi, funga polepole, fungua, uangalie chaki imeacha alama wapi. Mara nyingi matundu ya skrubu ya chuma hicho ni marefu kidogo kwa makusudi, ili kiweze kusogezwa milimita moja au mbili. Legeza, sogeza, kaza, ujaribu upya, mpaka mlango ufunge kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kitasa chenyewe usikitie oili, kwa sababu oili hukusanya mchanga, na mchanga tunao. Sugua ncha ya penseli laini kwenye ulimi na kwenye ufunguo. Unga wake mweusi unateleza bila kunata.

Kijana mmoja hapa mjini aliniuliza kama vinundu vya bawaba vinaweza kuchapishwa kwa mashine ya kuchapisha vitu vya plastiki. Vinaweza, mradi isitumike ile plastiki rahisi iitwayo PLA, ambayo hulegea ifikapo nyuzi 60 hivi na haitamaliza msimu mmoja wa kaskazi ndani ya gari. Achapishe kwa ABS, na bati liwepo hata hivyo.

Chupa ya chai ishikwe mkononi na abiria.

SWALI: Kwako Bwana Mwandishi, baada ya salamu. Naishi Langoni, Lamu, na gari langu, Mercedes-Benz 200 la mwaka wa 1982, huliacha Mokowe kwa kuwa huku kisiwani halina kazi. Kila nikivuka baada ya juma moja nakuta betri imekufa. Fundi wa umeme amekagua alteneta akasema ni nzima, nami nimekwisha kununua betri mpya. Mlango wa kisanduku cha dashibodi haujafunga barabara tangu mwaka jana. Unashika, lakini umebakisha nafasi ya upana wa sarafu. Nilikuwa nataka kukuuliza juu ya mlango huo tu, ila mke wangu amesema nikueleze na habari ya betri.

JIBU: Mshukuru sana shemeji yangu, kwa sababu ninaamini ameziunganisha habari mbili ambazo fundi wa umeme aliziacha mbalimbali. Ndani ya kisanduku chako mna taa ndogo, na taa hiyo huzimwa na swichi inayobonyezwa na mlango unapofunga. Mlango uliobakisha nafasi ya sarafu hauifikii swichi. Taa inawaka mchana na usiku, wewe ukiwa Lamu.

Tufanye hesabu. Taa ya wati 5 katika umeme wa volti 12 inakula takriban ampea 0.4. Betri yenye uwezo wa ampea-saa 60, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 60, itaishiwa kabisa baada ya saa 150, yaani siku sita na kidogo, na nguvu ya kuwasha injini hupotea mapema zaidi ya hapo. Juma lako moja linatosha na kubaki. Tena betri ya risasi na asidi ikiachwa mara kwa mara ikiwa tupu huzeeka kabla ya wakati wake, kwa hiyo hata hiyo mpya imeanza kuumia.

Ili upate uhakika, weka simu ndani ya kisanduku ikiwa inarekodi video, ufunge mlango kama unavyoufunga siku zote, usubiri kidogo, kisha utazame iwapo video ina giza au mwanga. Kukiwa na mwanga, chomoa taa hiyo leo kabla hujapanda boti kurudi, na betri itakungoja mpaka utakaporudi na mlango umetengenezwa.

Kuhusu mlango wenyewe, angalia kwanza kama ndani kuna kitu kinachouzuia, kisha vidude vya mpira ambavyo mlango hupumzikia. Mpira uliovimba au uliobandikwa upya ukiwa mnene kuliko ule wa awali unatosha kuuacha wazi. Halafu fanya jaribio la chaki nililomweleza mwenzako wa Barani. Usikubali mtu airefushe swichi kwa kipande cha plastiki ili ifikiwe na mlango ulio wazi. Kwako wewe, tofauti na mwenye 504, sitakuzuia kununua kipuri kipya ukiona kitasa kimelika, kwa kuwa magari ya umbo hilo, yaliyoundwa tangu 1976 hadi miaka ya katikati ya themanini, yalifika karibu milioni 2.7, na vipuri vyake vingi bado vinapatikana.

SWALI: Mimi ni mama wa Shela, Malindi. Nina Volkswagen lile la mviringo la mwaka wa 1968, aliloniachia babu yangu mzaa mama. Mlango wa kisanduku ni wa chuma, na bawaba yake imeliwa na kutu ikaachia. Boksi la ndani, ambalo ni kama kadibodi ngumu, limevimba na kubomoka. Fundi atakuja Jumamosi na mashine yake kuichomelea bawaba pale pale garini. Je, nimpe kazi hiyo?

JIBU: Hapana, Bi. Tafadhali mpigie fundi kabla ya Jumamosi. Injini ya gari lako iko nyuma, na tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti, nyuma tu ya dashibodi hiyo anayotaka kuitia moto. Cheche za kuchomelea mahali hapo zinaweza kuondoa gari, nyumba na watu. Akija, aondoe waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma, aufungue mlango pamoja na bawaba, na avipeleke mbali na gari. Huko ndiko kutu itakwanguliwa mpaka kwenye chuma cheupe, na bawaba itachomelewa au kupigiwa riveti, kisha vipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili kabla ya rangi ya juu. Ikiwa sehemu iliyolika iko kwenye dashibodi yenyewe, atumie riveti au bolti na kipande cha bati kwa nyuma, asitumie moto kabisa.

Boksi si kazi ngumu. Litoe taratibu hata kama linabomoka, ulilaze kwenye karatasi, uchore umbo lake, na seremala atakukatia jipya kwa plaiwudi ya milimita 3, ambayo utaipaka vanishi mara mbili pamoja na kwenye kingo, kwani kingo ndizo zinazonywa maji. Ila kadibodi ile haikuvimba kwa unyevu wa hewa peke yake. Nashuku mpira wa kioo cha mbele umekauka na mvua inapenya juu ya kisanduku, na huenda maji hayo hayo ndiyo yaliyoila bawaba. Mweke mjukuu au mtoto wako kwenye kiti cha abiria na tochi, mlango na boksi vikiwa vimetolewa, nawe umwage maji polepole kwa kikombe kwenye ukingo wa chini wa kioo, kuanzia pembe moja mpaka nyingine. Atakapokuambia ameliona tone, tia alama ya chaki mahali ulipofika, na hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumlipa seremala.